Historia ya Uhifadhi wa Safu Mlalo katika Hifadhidata za Uhusiano na Athari Zake kwa Istilahi na Kamusi za Kiswahili

Ikisiri

Kamusi, orodha za istilahi na makusanyo ya maandishi ya Kiswahili yanazidi kuhifadhiwa katika hifadhidata za uhusiano. Watumiaji wengi huiona hifadhidata kama jedwali lenye safu mlalo na safu wima. Hata hivyo, ndani ya diski hakuna jedwali. Kuna mfululizo wa baiti uliopangwa kwa kanuni zilizobuniwa na watu mahususi kwa sababu mahususi. Makala haya yanafuatilia historia ya kanuni hizo kuanzia kadi za matundu, kupitia pendekezo la Edgar F. Codd la mwaka 1970 na mfumo wa System R, hadi mifumo inayotumika leo. Yanajadili masuala matatu ambapo kanuni hizo zinagusa kazi ya mwanaleksikografia: kukosekana kwa thamani, usimbaji wa herufi, na hatima ya maandishi yaliyorekebishwa. Mwisho, makala yanapendekeza kutenganisha istilahi mbili, safu mlalo na rekodi, ambazo kwa sasa hutumiwa kana kwamba ni visawe.

1.0 Utangulizi

Neno safu liliingia Kiswahili kutoka Kiarabu. Katika matumizi ya kawaida lina maana ya vitu au watu waliopangwa kwa kufuatana: safu ya milima, safu ya askari, safu za waumini msikitini. Magazetini neno hilohilo hutaja sehemu ya ukurasa inayoshuka kutoka juu kwenda chini, na mwandishi mwenye nafasi yake ya kudumu huitwa mwandishi wa safu. Kwa hiyo safu moja inaweza kulala na nyingine inaweza kusimama. Kiarabu cha kitaalamu hakina tatizo hili, kwa kuwa safu inayolala huitwa saff na inayosimama huitwa amud, yaani nguzo. Kiswahili kilichukua neno la kwanza na kulipa kazi zote mbili. Watafsiri wa programu za kompyuta walipohitaji kutofautisha, waliongeza kivumishi: safu mlalo na safu wima.

Istilahi hizi zinafaa kabisa kwa jedwali lililochorwa kwenye karatasi au kuoneshwa kwenye skrini. Swali la makala haya ni iwapo zinafaa pia kwa kitu kinachohifadhiwa ndani ya hifadhidata. Diski haina ulalo wala wima. Ina anwani zinazofuatana, kutoka baiti ya kwanza hadi ya mwisho. Ili jedwali liingie humo, ni lazima mtu aamue kipi kitatangulia, kipi kitafuata, mpaka wa kitu kimoja na kingine utajulikanaje, na kitafanyika nini pale ambapo hakuna kitu cha kuandika. Maamuzi hayo yana historia, nayo haijajadiliwa vya kutosha kwa Kiswahili licha ya kwamba kamusi zetu zinategemea matokeo yake.

2.0 Safu kabla ya nadharia ya uhusiano

Chimbuko la rekodi ya kisasa ni kadi ya matundu. Herman Hollerith alitumia kadi hizo katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Kadi moja iliwakilisha mtu mmoja, na maana ya kila tundu ilitokana na mahali lilipo kwenye kadi. Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilileta kadi ya safu wima 80, iliyotawala kwa miongo kadhaa iliyofuata. Mpangilio wake ulikuwa wa upana usiobadilika. Iwapo nafasi 20 zimetengwa kwa jina, jina fupi hujaziwa nafasi tupu na jina refu hukatwa.

Kanuni hiyo ilihamia kwenye tepu za sumaku na baadaye kwenye diski. Faida yake ilikuwa urahisi wa hesabu: rekodi ya mia moja hupatikana kwa kuzidisha urefu wa rekodi kwa idadi ya rekodi zilizotangulia. Hasara yake iliiangukia lugha. Maneno hayana urefu mmoja, na maelezo ya maana ya neno hutofautiana zaidi. Mfumo wa upana usiobadilika humlazimisha mwandishi ama kupoteza nafasi ama kupoteza maneno.

Katika miaka ya 1960 ilijitokeza mifumo iliyounganisha rekodi kwa vielekezi. Mfumo wa IMS wa IBM, uliotokana na kazi ya mradi wa Apollo, ulipanga rekodi kwa ngazi za mzazi na mtoto. Mifumo iliyofuata mapendekezo ya kamati ya CODASYL ilipanga rekodi kwa mtandao. Katika yote mawili, mwandishi wa programu alipaswa kujua rekodi imefungamanishwa na ipi na njia gani ifuatwe ili kuifikia. Mpangilio wa ndani ulipobadilishwa, programu zilivunjika.

3.0 Pendekezo la Codd: kuitenga safu na mahali pake

Mwezi Juni 1970, Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala yaliyobadilisha mwelekeo huo. Alibainisha aina tatu za utegemezi zilizozifunga programu na mpangilio wa ndani wa data: utegemezi wa mfuatano, utegemezi wa faharasa, na utegemezi wa njia ya kufikia data. Alipendekeza mtumiaji aoneshwe uhusiano tu, yaani seti ya tapuli kwa maana ya kihisabati. Kwa kuwa ni seti, safu mlalo zake hazina mfuatano wenye maana, na hakuna mbili zinazofanana kwa kila hali.

Kwa mwanaleksikografia, dai la kwanza linashangaza. Kamusi imejengwa juu ya mfuatano wa alfabeti. Codd hakuukataa mfuatano. Alisema kwamba anayeuhitaji auombe waziwazi, badala ya kutegemea jinsi data ilivyotokea kulala. Hadi leo, anayetoa vidahizo kutoka kwenye hifadhidata bila kuomba mpangilio hana hakika ya kuvipata kwa mfuatano uleule mara ya pili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Codd hakusema safu mlalo ihifadhiwe vipi. Ukimya huo ulikuwa wa makusudi, kwani lengo lilikuwa kutenganisha kinachoonekana na kilicho chini yake. Lakini kilicho chini kilipaswa kujengwa na mtu fulani. Kwa hiyo historia ya uhifadhi wa safu mlalo inaanzia pale nadharia ilipoishia.

4.0 San Jose na Berkeley: rekodi hupata anwani

Vikundi viwili vilijaribu kuonesha kwamba wazo la Codd linatekelezeka. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walianza mradi wa Ingres mwaka 1973. Huko San Jose, watafiti wa IBM walijenga System R, mradi uliozaa pia lugha ya SQL kupitia kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce.

Awamu ya mwanzo ya System R, ya mwaka 1974 hadi 1975, ilitumia njia inayomvutia mtu wa lugha. Safu mlalo haikubeba maneno yenyewe. Ilibeba vielekezi, na kila kielekezi kilionesha mahali thamani ilipohifadhiwa mara moja tu. Kwa mfano, iwapo vidahizo elfu moja viko katika ngeli ya KI-VI, maandishi "KI-VI" yangehifadhiwa mahali pamoja na kuelekezwa mara elfu moja. Nafasi iliokolewa. Lakini kusoma safu mlalo moja kulihitaji kwenda sehemu nyingi za diski, na kila safari ya kwenda diskini ilikuwa ya gharama kubwa. Katika awamu iliyofuata watafiti waliiacha njia hiyo na kuziweka thamani ndani ya rekodi yenyewe. Rekodi zikawa ndefu zaidi kwa wastani, tena zenye urefu unaotofautiana, lakini safari moja ya diskini ilitosha kuisoma rekodi nzima.

Urefu unaotofautiana ulileta tatizo jipya. Rekodi inayorefushwa haitoshei tena ilipokuwa. Ikisogezwa, faharasa zote zinazoitaja kwa anwani zitaelekeza mahali pasipo sahihi. Suluhisho la System R lilikuwa kugawa anwani sehemu mbili: namba ya ukurasa, na namba ya nafasi maalumu ndani ya ukurasa huo. Nafasi hiyo haikuwa na rekodi, bali ilionesha mahali rekodi inapoanzia ndani ya ukurasa. Tunaweza kuiita shubaka, kwa mfano wa vishubaka vya ukutani katika nyumba za pwani: kilichomo hubadilishwa, shubaka hubaki. Rekodi inaposogezwa ndani ya ukurasa, kinachobadilika ni maandishi ya shubaka tu. Kwa walio nje ya ukurasa, anwani ni ileile.

Ubunifu huu, uliochapishwa mwaka 1976, umedumu hadi leo. Katika ukurasa wa kawaida wa aina hii, mashubaka huanza upande mmoja na rekodi huanza upande wa pili, zikikua kuelekeana mpaka nafasi iliyo katikati itakapokwisha.

5.0 Kilichomo ndani ya rekodi

Tuchukue mfano wa jedwali dogo lenye safu wima tatu: kidahizo, wingi na ngeli. Safu mlalo yake moja ni kitabu, vitabu, KI-VI. Je, mifumo ya leo inaiandikaje?

SQLite, programu iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, imo katika kila simu ya Android, na hivyo imo mifukoni mwa wasemaji wengi wa Kiswahili. Rekodi yake ina sehemu mbili: kichwa na kiwiliwili. Kichwa huanza na urefu wake chenyewe, kisha hufuata namba moja kwa kila safu wima. Namba hiyo hueleza aina ya thamani pamoja na urefu wake. Kwa maandishi, namba ni mara mbili ya idadi ya baiti ukijumlisha 13. Neno "kitabu" lina baiti 6, kwa hiyo namba yake ni 25; "vitabu" vilevile ni 25; "KI-VI" yenye baiti 5 ni 23. Kichwa kizima ni 4, 25, 25, 23. Kiwiliwili ni maneno yenyewe yaliyoshikamana bila nafasi wala alama: kitabuvitabuKI-VI. Jumla ni baiti 21. Msomaji asiye na kichwa cha rekodi hawezi kujua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, kama vile asiyejua lugha asivyoweza kutenga maneno katika usemi anaousikia.

PostgreSQL, mrithi wa mradi wa Postgres ulioanza Berkeley mwaka 1986, huandika safu mlalo hiyohiyo kwa namna nyingine. Ukurasa wake wa kawaida ni wa baiti 8,192. Kila rekodi hutanguliwa na kichwa cha baiti 23, ambacho hujazwa hadi 24 ili data ianze mahali panapoafiki usomaji wa kompyuta. Kila neno fupi hutanguliwa na baiti moja ya urefu. Kwa hiyo maneno yetu matatu yenye baiti 17 huchukua baiti 20, na pamoja na kichwa ni 44, mbali na baiti 4 za shubaka. Kichwa ni kikubwa kuliko maneno yanayohifadhiwa. Ndani yake mna namba ya muamala ulioiandika rekodi, namba ya muamala ulioifuta, na anwani ya toleo jipya iwapo lipo. Kwa namna hiyo wasomaji na waandishi wengi hufanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona toleo linalomhusu. Maelezo marefu kuliko takribani baiti 2,000 hubanwa au huhamishiwa jedwali la pembeni, na kwenye rekodi hubaki kielekezi.

InnoDB, injini iliyobuniwa na Heikki Tuuri wa Finland na kutumiwa na MySQL, ilifuata njia ya tatu. Kurasa zake za kawaida ni za KB 16, na safu mlalo huhifadhiwa ndani ya mti wa ufunguo msingi wenyewe. Rekodi zimeunganishwa kwa mfuatano wa ufunguo huo. Jedwali lisilopewa ufunguo na mbunifu hupewa ufunguo uliofichika wa baiti 6. Matoleo ya zamani hayakai pamoja na rekodi. Huwekwa kwenye kumbukumbu ya kutengulia, na rekodi hubeba kielekezi cha baiti 7 cha kuyafikia.

Mifumo hii mitatu humwonesha mtumiaji jedwali lilelile. Chini yake kuna maumbo matatu tofauti, na tofauti hizo zilitokana na maswali tofauti: SQLite ilijiuliza data itabanwaje katika kifaa kidogo, PostgreSQL ilijiuliza matoleo yataishije pamoja, na InnoDB ilijiuliza ufunguo utafikiwaje haraka.

6.0 Wakati safu wima ilipotangulia

Mwaka 1985 George Copeland na Setrag Khoshafian walipendekeza kuvunja jedwali na kuhifadhi kila safu wima peke yake. Hoja yao ina mantiki kwa mtu anayechambua lugha. Anayetaka kuhesabu vidahizo kwa ngeli hana haja ya kusoma maelezo ya maana. Lakini katika hifadhi ya rekodi nzima, ukurasa wenye ngeli ndio huohuo wenye maelezo, na wote hauna budi kusomwa.

Wazo hilo liliendelezwa katika mfumo wa MonetDB huko Amsterdam, na mwaka 2005 katika mradi wa C-Store ulioongozwa na Stonebraker, yuleyule wa Ingres na Postgres. Katikati, mwaka 2001, Anastasia Ailamaki na wenzake walipendekeza mpango uitwao PAX, ambapo rekodi hubaki katika ukurasa mmoja lakini ndani ya ukurasa huo thamani za safu wima moja hukusanywa pamoja. Katika hifadhi ya safu wima, thamani zinazojirudia huweza kubanwa sana. Mfululizo wa "KI-VI" elfu moja huweza kuandikwa mara moja na kufuatiwa na idadi. Hoja ya kutorudia thamani iliyoachwa San Jose ilirudi kwa sura nyingine, kwa sababu kazi ilikuwa imebadilika kutoka kuandika rekodi mojamoja kwenda kuchambua rekodi nyingi kwa pamoja.

Hapa ndipo udhaifu wa istilahi yetu unapojitokeza. Katika hifadhi ya namna hii, safu mlalo haipo mahali pamoja popote. Huundwa upya kila inapoombwa. Kusema kwamba hifadhidata "inahifadhi safu mlalo" ni kueleza ahadi inayotolewa kwa mtumiaji. Si maelezo ya kilichomo diskini.

7.0 Mambo matatu yanayoigusa kamusi

7.1 Kukosekana kwa thamani

Katika kidahizo maji, safu wima ya wingi haina la kuandikwa kwa sababu nomino hiyo haina umbo tofauti la wingi. Katika kidahizo kilichokusanywa uwandani na mtafiti ambaye hakupata kuuliza, safu wima hiyohiyo haina la kuandikwa kwa sababu wingi haujulikani bado. Mambo haya mawili ni tofauti kabisa kiisimu. Lugha ya SQL huyapa yote alama moja, NULL. Ndani ya rekodi ya SQLite alama hiyo ni namba 0 katika kichwa bila baiti yoyote katika kiwiliwili; katika PostgreSQL ni biti moja katika ramani ya biti. Biti moja ina hali mbili tu, ipo au haipo. Haina nafasi ya kueleza kwa nini.

Codd mwenyewe aliliona tatizo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu toleo la pili la nadharia yake, alitetea alama mbili tofauti: moja kwa thamani inayostahili kuwepo ila haijulikani, na nyingine kwa thamani isiyohusika. SQL haikulifuata pendekezo hilo. Matokeo yake, mbunifu wa kamusi asiyeongeza safu wima ya kueleza sababu ya ukosefu hupoteza maarifa ambayo mtafiti wa uwandani alikuwa nayo. Anayekuja baada yake hawezi kujua ni maneno gani yanahitaji kurudiwa uwandani.

7.2 Usimbaji wa herufi

Hifadhidata nyingi za leo hutumia usimbaji wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Herufi za msingi za Kilatini huchukua baiti moja kila moja, kwa hiyo tahajia sanifu ya Kiswahili, isiyo na alama juu ya herufi, huhifadhiwa kwa gharama ndogo. Kwa hati za Kiswahili za maandishi ya Kiarabu hali ni tofauti: kila herufi, na kila alama ya irabu inayowekwa juu au chini yake, huchukua baiti mbili. Mpaka wa urefu uliopangwa kwa baiti huzibana hati hizo kwanza.

Hata katika tahajia ya Kilatini kuna mtego mmoja. Neno ng'ombe likiandikwa kwa king'ong'o kilichonyooka huchukua baiti 7. Likiandikwa kwa alama iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe, huchukua baiti 9, kwa kuwa alama hiyo peke yake ni baiti 3. Kwa jicho la msomaji ni neno moja. Kwa hifadhidata inayolinganisha baiti ni maneno mawili, nayo huyakubali yote katika safu wima iliyotakiwa kutorudia thamani. Anayetafuta kwa alama moja hapati kilichoandikwa kwa nyingine. Ng'ambo, ng'oa, ng'ara na maneno yote ya sauti hiyo yamo hatarini. Uamuzi wa alama ipi itumike ni wa kitahajia, na unapaswa kufanywa na wanalugha kabla data haijaingizwa.

7.3 Hatima ya maandishi yaliyorekebishwa

Postgres ya mwanzo ilibuniwa kwa nia ya kutofuta chochote. Kila badiliko liliandikwa kama rekodi mpya, ya zamani ikabaki, na mtumiaji aliweza kuuliza jedwali lilikuwaje tarehe fulani. Uwezo huo uliitwa safari ya wakati. Uliondolewa katika toleo la 6.2 la PostgreSQL, mwaka 1997, kwa sababu ulipunguza kasi na kuijaza diski. Mbinu ya kuandika toleo jipya pembeni mwa la zamani ilibaki, lakini toleo la zamani sasa ni taka inayosubiri kufagiwa. Operesheni ya ufagiaji ikipita, nafasi yake hutumiwa na rekodi nyingine. InnoDB nayo husafisha kumbukumbu ya kutengulia pale ambapo hakuna muamala unaoihitaji tena.

Kwa mhasibu wa benki anayetaka salio la sasa, mpango huu unafaa. Kwa historia ya leksikografia una gharama. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mwaka 1981, kisha matoleo yakafuata mwaka 2004 na 2013. Yeyote anaweza kuyaweka mezani pamoja na kuona fasili ya neno ilivyobadilika. Kamusi iliyo katika hifadhidata pekee, inayorekebishwa kila wiki, haiachi ushahidi huo isipokuwa mbunifu ameongeza jedwali la matoleo kwa makusudi. Fasili ya mwaka jana haitakuwa kwenye rafu ya maktaba yoyote. Karatasi ilitunza historia bila kuambiwa. Hifadhidata huhitaji kuagizwa.

8.0 Kuhusu istilahi

Kutokana na yaliyojadiliwa, makala haya yanapendekeza matumizi yafuatayo. Safu mlalo litumike kwa kitu anachokiona mtumiaji katika jedwali, yaani kile ambacho Codd alikiita tapuli. Rekodi litumike kwa mfululizo wa baiti unaoiwakilisha safu mlalo ndani ya ukurasa, wenye kichwa na kiwiliwili. Shubaka litumike kwa nafasi inayotunza anwani ya rekodi ndani ya ukurasa. Kwa tofauti hii, mwalimu ataweza kusema bila utata kwamba safu mlalo moja inaweza kuwa na rekodi kadhaa kwa wakati mmoja, kama ilivyo katika PostgreSQL, au isiwe na rekodi yake yenyewe, kama ilivyo katika hifadhi ya safu wima. Kwa istilahi moja pekee, sentensi hizo hazisemeki.

Pendekezo hili lina umuhimu wa kiutendaji. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi yake, na mwaka huohuo UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Matangazo hayo yanatudai lugha inayoweza kueleza kazi za ndani za vyombo tunavyovitumia, mbali na kutaja vitufe vya skrini. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionesha kwamba Kiswahili kinaweza kuitaja skrini nzima. Hatua inayofuata ni kushuka chini ya skrini.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba umbo la rekodi ndani ya hifadhidata ni zao la maamuzi ya kihistoria: kadi ya matundu iliamua upana, System R ikaamua anwani, Postgres ikaamua na baadaye kutengua jinsi ya kutunza wakati, na watetezi wa hifadhi ya safu wima wakaamua kuivunja rekodi kabisa. Karibu maamuzi yote yalifanywa kwa ajili ya biashara, sensa na uhasibu. Hakuna lililofanywa kwa ajili ya kamusi, na hilo si la kulaumiwa. Linatutaka tu tuwe wazi kuhusu tunachohitaji.

Taasisi inayoanzisha hifadhidata ya lugha, iwe Dodoma, Nairobi, Kampala au Bujumbura, inapaswa kukubaliana mapema juu ya mambo matatu: ukosefu wa taarifa utawekwaje alama pamoja na sababu yake, king'ong'o kitasimbwa kwa alama ipi, na matoleo ya zamani ya kila kidahizo yatatunzwa wapi. Maswali haya hujibika kwa kikao kimoja kabla ya kazi kuanza. Baada ya vidahizo elfu ishirini kuingizwa, la kwanza na la pili hujibika kwa miezi ya kazi ya kurudia. La tatu halijibiki tena, kwa kuwa yaliyofagiwa hayarudi.